Fulana ya Barafu

Sene 14

Mvua tangu alfajiri. Tumekimbia barabara ya Asella kwenye tope, na niliporudi vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata nimeshindwa kufungua kamba za viatu. Obse amenifungulia kwa meno, maana mikono yake nayo siku hizi haiachi kutetemeka. Tumecheka sana. Lakini mimi nilikuwa nawaza jua.

Gashe Merid, kocha wetu, ametangaza leo. Mchujo wa marathoni utakuwa Dire Dawa tena, mara tu baada ya mwaka mpya wetu wa Meskerem, mvua zikiisha. Wanawake watatu wa kwanza watakwenda mbio za dunia, kule jangwani ng'ambo ya bahari. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilijifanya nakohoa.

Sene 15

Mvua.

Sene 19

Sina wa kumwambia, basi naandika.

Obse ni binti wa shangazi yangu, amenizidi miaka mitatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kukimbia. Mwaka jana Dire Dawa alikuwa mbele yangu, na kila mtu alijua atashinda. Kisha nikamwona anakwenda upande upande, kama mtu aliyeangusha kitu barabarani na sasa anakitafuta. Nilipomfikia alikuwa anatabasamu. Ngozi yake ilikuwa kavu kabisa. Vinyweleo vya mikono vilimsimama, meno yanagongana kwa baridi, katika jua lile!

"Lelise," akaniambia, "mbona mvua imeanza?"

Akaanguka. Wakamburuta kivulini wakampepea kwa magazeti. Barafu haikuwapo. Hata ndoo ya maji baridi haikuwapo. Daktari alikuja kusema kwamba joto la mwili wake mwenyewe lilimuunguza figo na kitu fulani kichwani. Sasa anaongea polepole, maneno yanamkwama, na jua la saa nne tu linamlaza kitandani. Ulimi wake, hata hivyo, haujapoteza makali.

Hapa Sagure kuna baridi ya kuua mbuzi, na mimi kila nikifumba macho naona barabara ile nyeupe ya Dire Dawa.

Sene 27

Gashe Merid ametuonyesha picha kwenye simu. Ni Mahlet Girma wa Klabu ya Zoma, ile klabu kubwa ya Addis Ababa, amevaa fulana nene yenye mifuko mifuko. Ndani ya mifuko ni barafu. Wanaivaa kabla ya kuanza mbio ili mwili upoe. Wana pia kofia za barafu za kukimbilia, na kinywaji cha barafu iliyosagwa kama unga.

"Huyu anaanza mbio akiwa friji," Gashe Merid akasema, "na ninyi mnaanza mkiwa jiko. Hayo ni mashindano?"

Wote tulicheka, lakini nilimchukia yule msichana. Nilimchukia kwa vile alivyosimama, mkono kiunoni, kama mtu ambaye hajawahi kuogopa kitu.

Hamle 5

Klabu ndogo zimeungana. Gashe Merid ndiye kiongozi wao, na wanataka kamati ya mbio ipige marufuku vitu vyote vya kupooza mwili. Fulana, kofia, barafu, vyote. Kila mtu apate maji na sifongo mezani, basi.

Anataka mimi niseme mbele ya kamati. "Wewe ulimwona Obse. Ukisema wewe watasikiliza."

Nimemwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nimeshakubali. Zoma wakikosa barafu, nafasi ya tatu inaweza kuwa yangu.

Hamle 12

Mvua ya mawe. Shayiri ya jirani yote imelala chini.

Hamle 18, Addis Ababa

Ukumbi ulikuwa na zulia, nami viatu vyangu vilikuwa na tope la Sagure. Wajumbe saba walikaa mezani. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani na sauti nzuri, aliniita "binti yangu" akaniambia nisiogope. Hapo ndipo nikaogopa.

Nilisimulia habari za Obse. Nilieleza tabasamu lile, na ngozi kavu, na magazeti. Kisha nikasema nililofundishwa: kwamba joto ni la wote, kwa hiyo tulibebe wote sawasawa, na kwamba si haki klabu yenye uwezo inunue baridi na sisi tununue majeneza. Watu wakapiga makofi. Gashe Merid alifuta machozi.

Mahlet Girma akasimama. Ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye picha.

"Dada yangu anasema haki," akasema. "Sawa. Yeye amezaliwa mlimani, mapafu yake yamekunywa hewa nyembamba tangu utotoni. Mimi nimezaliwa mjini, bondeni. Basi na milima ipigwe marufuku?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Sikilizeni. Kama mnaona si haki mimi kuwa na barafu, wapeni na wao. Msininyang'anye. Nawaomba."

Alisema "nawaomba" kwa sauti ya chini mno. Mtu wa Zoma aliyeketi kando yake alimvuta nguo ili akae. Nilidhani ni maringo yamemwishia.

Jioni uamuzi ukatoka. Ni marufuku barafu au kifaa chochote cha kupooza mwili, kabla ya mbio na wakati wa mbio. Tumeshinda. Kwenye basi wenzangu waliimba hadi koo zikakauka.

Hamle 20

Nilidhani Obse atafurahi. Alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini ili asijikate.

"Mmeshinda nini?"

"Sasa tuko sawa, dada. Hakuna mwenye barafu."

"Mimi... nilikuwa na barafu?"

"Hukuwa nayo."

"Nikawaje?"

Nikachukua kisu nikaanza kumenya mimi.

"Basi mmewafanya wote wawe mimi," akasema. Ilimchukua muda mrefu kuimaliza sentensi hiyo, na muda wote huo nilitamani nimzibe mdomo. "Umetumia jina langu kwa hilo. Ungeniuliza kwanza, we mtoto."

Hatujasemezana tena mpaka sasa.

Nehase 3

Mvua. Mfungo wa Filseta, wa Bikira Maria, umeanza, tunakula shiro ya dengu na viazi. Obse amenisalimu.

Nehase 9, Awash

Kamati imetuita wakimbiaji wote wa mchujo kuzoea joto. Tulishuka kwenye basi, na joto likanishika shingoni kama mkono wa mtu. Nilitaka kurudi ndani.

Vyumba vimegawanywa kwa mpangilio wa herufi. Mimi ni Lelise, anayefuata ni Mahlet. Nilipoingia alikuwa ameshachagua kitanda cha dirishani.

"Aa, bibi wa majeneza," akasema.

"Aa, bibi friji," nikamjibu.

Tukalala tukipeana migongo.

Nehase 11

Sijui niandike vipi.

Asubuhi hii niliingia chumbani bila kubisha. Mahlet alikuwa anabadili fulana. Mgongo wake wote, toka mabegani mpaka kiunoni, ni kovu. Ngozi imekunjamana, inang'aa kama plastiki iliyoyeyuka. Alijifunika haraka, akafunga mlango kwa kisigino.

"Umeona."

"Nimeona."

"Sufuria la mchuzi. Nilikuwa na miaka minne, mama alikuwa anapikia harusi ya watu." Alisema upesi upesi, kama mtu anayesoma. "Hauumi. Tatizo lake ni moja, hautoi jasho. Ngozi iliyoungua haina jasho. Ninyi mnapoa mwili mzima. Mimi napoa nusu."

Nikakaa kitandani. "Klabu yako wanajua?"

"Nani awaambie? Wakijua wataniambia asante, dada, nenda nyumbani. Daktari mmoja anajua. Yeye ndiye aliyeniambia: 'Bila barafu usikimbie kwenye joto, utakufa.' Nikawashawishi Zoma wanunue fulana. Nikawaambia ni mambo ya kisasa. Wakanunua za timu nzima." Akacheka kidogo. "Na wewe ukaja na viatu vyako vya tope."

"Kwa nini hukusema pale ukumbini?"

"Nivue nguo mbele ya wale wazee?"

Niliuliza swali ambalo hata sasa naona aibu jinsi lilivyonitoka: "Basi hutakimbia?"

Alinitazama. "Ungependa hivyo, eh? Nitakimbia. Nina miaka thelathini na moja. Hakuna mwaka mwingine."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nimeapa.

Nehase 14

Mazoezi marefu leo, saa tatu asubuhi. Mahlet alikuwa mbele yangu. Kilomita za mwisho nikaona mguu wake wa kulia unatupwa nje kidogo, kila hatua. Nikajua mara moja. Nikapiga kelele, nikamshika mkono, nikamlazimisha aingie kwenye mfereji wa shamba la miwa, tukalala ndani ya maji machafu kama nyati.

"Umeniharibia muda," akasema alipopata sauti. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Alipolala mchana nilisimama kando ya kitanda chake nikimsikiliza anapumua. Niliogopa kumgusa, nisije nikamkuta wa moto.

Nehase 22

Sagure. Nimemwendea Gashe Merid nyumbani. Nilimwomba turudi kwa kamati tuseme tumebadili mawazo, barafu iwepo kwa wote. Sikutaja jina la mtu.

"Lelise, umerogwa? Tumehangaika mwaka mzima! Barafu kwa wote nani ataileta? Watasema ndiyo, halafu siku ya mbio Zoma watakuwa na yao na ninyi mtaambiwa gari limeharibika. Nawajua hao. Kisicho na mwenyewe hakifiki kwetu."

"Na mtu akifa?"

"Kila mtu anajua mwili wake. Ukichoka, simama."

"Obse hakujua kama amechoka, Gashe. Aliona mvua."

Alinyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe wake. Nilimsubiri hadi giza likaanza kuingia, hakurudi.

Nehase 23

Mvua. Nimekimbia vibaya.

Nehase 24

Mvua.

Nehase 28

Nimeota naulizwa njia na mtu asiye na jasho. Sijaweza kula.

Pagume 3

Siku ya malaika Rufaeli. Mvua ya leo ina baraka, kwa hiyo watoto wa mtaa mzima walikuwa nje uchi wakiogea. Obse naye akatoka na gauni lake, akasimama uani mvua ikimpiga usoni, mdomo wazi. Nikatoka nikasimama naye.

Nikamwambia yote. Nimevunja kiapo. Nilimwambia habari za kovu, na mfereji, na jinsi ninavyoogopa. Kwamba naogopa kukimbia, naogopa kutokukimbia, na kwamba kuna saa naogopa zaidi kwamba Mahlet hataanguka na atanishinda.

Obse alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Kaeni chini."

"Nani?"

"Ninyi. Pale... pale pa kuanzia. Wote. Kaeni chini barabarani mpaka barafu ije. Mbio bila wakimbiaji ni barabara tu."

"Watatufungia maisha."

"Watawafungia wote ishirini? Watampeleka nani jangwani, mwenyekiti?"

Nilicheka nikalia pamoja. Maji ya mvua yalificha.

Meskerem 1

Mwaka mpya. Wasichana wamepita na maua ya manjano wakiimba mlangoni. Mama ametuma kondoo. Nimekula vipande viwili.

Meskerem 3, Dire Dawa

Nimezunguka vyumba vya wanawake mmoja mmoja. Sikumtaja Mahlet. Nilisema habari za Obse tena, safari hii nikamalizia alivyotaka yeye: si kwamba wenzetu wanyimwe, bali sote tupewe. Barafu kila meza ya maji, na pipa kubwa la maji ya barafu mwisho wa mbio.

Wengine walinisikiliza. Mmoja aliniambia, "Juzijuzi ulitaka itolewe, leo unataka iletwe. Wewe ni mkimbiaji au upepo?" Mwingine alinifungia mlango. Wengi walisema, "Tutaona asubuhi." Hilo maana yake hapana.

Mahlet nilimwachia awe wa mwisho. Alikuwa anashona namba kwenye fulana yake.

"Umesema siri yangu?"

"Kwa Obse tu."

Alishona tena kidogo. "Nikikaa chini, Zoma watanitoa."

"Najua."

"Na ukikaa peke yako?"

"Nitaonekana mjinga."

"Hilo umeshazoea," akasema.

Meskerem 5

Mbio zilikuwa jana, sikuweza kuandika.

Tulifika pa kuanzia kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Upepo haukuwapo. Lami ilikuwa bado ina joto la juzi. Kwenye meza ya kwanza ya maji niligusa chupa, zilikuwa na uvuguvugu wa maziwa ya mtoto.

Mwamuzi alipoinua mkono, nilikaa chini. Nilianguka zaidi kuliko kukaa. Mtu nyuma yangu akacheka. Sekunde zile zilikuwa ndefu. Niliona viatu vya watu tu kunizunguka, wala hakuna kilichosogea.

Kisha mtu akakaa kando yangu kwa ghadhabu, kama anayetupa gunia. Mahlet.

"Usiniangalie," akasema. "Tazama mbele."

Wa tatu alikuwa yule aliyeniita upepo. Halafu wawili. Halafu sikuona tena miguu iliyosimama, isipokuwa michache.

Mwenyekiti akaja mbio. Sauti nzuri ilikuwa imemtoka. "Simameni! Mnatuaibisha! Majina yenu yote ninayo!"

"Tunataka barafu kila meza, Mzee," nikasema. "Ya wote."

"Wewe si ndiye uliyekuja kulia kwetu kwamba hutaki barafu?"

"Ndiye mimi."

"Nilikuita binti yangu!"

Tukaendelea kukaa. Ndipo nikaanza kuelewa nilichofanya, kwa sababu jua likatoka. Lilitoka nyuma ya vilima likatupiga mabegani, na kila dakika tuliyokaa ilikuwa dakika tutakayoilipia barabarani. Kama barafu isipokuja, nimewatoa kwenye mbio za alfajiri nikawatia kwenye mbio za mchana. Msichana mmoja alianza kulia: "Unatuua wewe mwenyewe, Lelise. Acha tukimbie." Wawili wakasimama. Mmoja akakaa tena.

Gashe Merid alikuwa ng'ambo ya kamba na makocha wengine. Hakuwa amenitazama hata mara moja. Sasa akapita chini ya kamba, akaja akachuchumaa mbele yangu. Nilidhani atanipiga.

"Mimi nilikuwa nashika gazeti," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana. Nilimpepea mpaka gazeti likachanika."

"Najua, Gashe."

"Mnataka barafu kiasi gani?"

"Yote iliyopo."

Akaenda. Alichukua gari la mizigo la mtu, hata sijui la nani, na makocha wengine wawili wakaruka nyuma. Mmoja wao alikuwa wa Zoma. Hatukujua kama atarudi. Watu wa mjini walianza kutoka majumbani kutuangalia. Mama mmoja mwenye kitenge chekundu akauliza tunangoja nini, akaambiwa, akaingia ndani akatoka na mifuko miwili ya maji yaliyogandishwa aliyokuwa auze sokoni. Akaiweka mapajani mwangu.

Gari lilirudi limejaa vipande vikubwa vya barafu vya kiwanda, vimefunikwa magunia. Vingine vilipelekwa kwenye meza za maji na pipa la mwisho wa mbio, vingine wakavishusha pale pale, makocha wa klabu kubwa na ndogo wakavivunja kwa nyundo na mawe. Tulichana mashuka, tukafunga barafu vitambaani, kila mmoja shingoni kwake. Nilimfunga Mahlet moja shingoni na nyingine chini ya fulana, mgongoni. Alishtuka akanitukana. Ilikuwa imeshapita saa mbili.

Mwenyekiti hakukataza tena, basi tukakimbia.

Sikumbuki mwanzo. Nakumbuka barafu kwenye meza, mkono unaingia ndani ya ndoo, unauma, nakubali unaume. Nakumbuka kichwani nilikuwa najiuliza maswali: jina la mama yako nani? Leo ni tarehe ngapi? Nikijibu, naendelea.

Zikiwa zimebaki kilomita chache nilikuwa wa nne. Mbele yangu, karibu hata ningeweza kumtemea mate, alikuwa Mahlet. Wa tatu. Kitambaa cha mgongoni kilikuwa kimeshakauka, na mguu wa kulia ulikuwa unatupwa nje.

Nilijua naweza kumpita. Nilianza kusogea. Na hapo nikaona mikono yangu mwenyewe. Vinyweleo vimesimama. Baridi ikanipita tumboni, tamu, kama ya Sagure.

Sijawahi kuogopa hivyo. Ilikuwa hofu yenye adabu, iliniambia taratibu: simama. Meza ya mwisho ilikuwa hapo. Nikasimama. Nilisimama kabisa, miguu ikinililia, nikatia kichwa ndani ya ndoo ya barafu, nikajimwagia, nikatia vipande kwapani, nikangoja hadi baridi ikawa baridi ya kweli inayouma. Nilimwita Mahlet asimame. Hakugeuka. Nilipoanza tena, alikuwa mbali.

Alivuka mstari akiwa wa tatu. Nilimwona kutoka nyuma: alivuka, akapiga hatua nne tano za mlevi, akaanguka kifudifudi, na mikono hakuitanguliza.

Nilivuka sikumbuki vipi. Watu walikuwa wamemzunguka, na mmoja, naapa, alikuwa ameshika gazeti. Nikapiga kelele kama kichaa. "Kwenye pipa! Mtieni kwenye pipa!" Mimi nikashika miguu, Gashe Merid mabega. Alikuwa wa moto kama mkate uliotoka tanuruni. Tulimzamisha hadi kidevuni, barafu ikigongana, nami niliingia naye nusu mwili kumshika kichwa. Macho yalikuwa wazi lakini hakuwamo. Nilimwita. Nikamwita kwa jina, kwa matusi, kwa "bibi friji". Daktari akasema tusimtoe, tusimtoe bado.

Muda ulipita ambao sitaki kuuandika.

Kisha akaanza kutetemeka, pipa zima likatetemeka naye. "Baridi," akasema. "Nitoeni, nyie wauaji." Watu wakapiga kelele za furaha. Akanigeukia. "Nimekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Na wewe?"

"Wa nne."

Akafumba macho. Nami nikalia humo humo ndani ya barafu, na sikulia kwa furaha peke yake. Sitasema uongo hapa.

Meskerem 8

Sagure. Jua la kwanza la maana. Obse amenipokea kituoni na mwavuli. Alinishika mkono njia nzima. Mwenyekiti ametangaza redioni kwamba kuanzia sasa barafu itakuwapo kila meza, kwa wote, ila fulana na kofia zibaki marufuku hata kwa wanaokwenda jangwani, na amesema ni mpango wa kamati wa siku nyingi. Obse alicheka mpaka akakwama.

Meskerem 12

Kamati wamenipigia simu. Mwenyekiti mwenyewe. Wauguzi walimwona Mahlet mgongo hospitalini, habari zimefika mezani. Zoma wanataka kumwondoa. Yeye amekana, amesema lile ni kovu dogo, halimsumbui.

"Wewe mlilala chumba kimoja," akasema. "Tueleze kweli. Linamsumbua au halimsumbui? Akiondoka yeye, binti yangu, unakwenda wewe."

Niliketi kwenye gogo la uani. Nikisema halimsumbui, atakwenda jangwani akiwa na sifongo na akafie huko. Nikisema linamsumbua, nimechukua nafasi yake. Nilitamani simu ikatike.

"Linamsumbua," nikasema. "Upande huo hatoi jasho. Ndiyo maana alikuwa na fulana. Mrudishieni fulana yake, na kofia, na kila kitu, hata wakati wa kukimbia. Hapo atakuwa sawa na sisi. Bila hiyo hayuko sawa."

"Yeye tu?"

"Yeye, na mwingine yeyote mwenye mwili kama wake. Na daktari amkague. Lakini alikimbia akawa wa tatu. Nafasi ni yake."

"Umenielewa nilichosema, kwamba ungekwenda wewe?"

"Nimekuelewa, Mzee." Nikakata kabla mdomo haujageuka.

Meskerem 19

Daktari amemkagua. Ameruhusiwa, na fulana yake. Gashe Merid amenuna; anasema leo fulana ya mgonjwa, kesho kila klabu itakuwa na mgonjwa. Huenda ana haki. Nimemwambia hivyo, naye akashangaa, akanikaribisha kahawa.

Saa kumi jioni Mahlet akapiga simu.

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Uliwaambia, baada ya kuniapia. Ningekuwa mimi, ningewaambia pia, lakini nafasi ningeichukua."

"Najua pia."

Nilimsikia anahema. Nyuma yake palikuwa na kelele za mji, honi, watu.

"Lelise. Naogopa kwenda."

"Hata mimi naogopa wewe uende."

Hakukata, nami sikukata. Tulikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza mwenzake anapumua, mpaka salio lake likaisha.